Shamba moja, warithi watatu: mambo ya kuyamaliza kabla ya wosia

Wazazi wengi huja kwetu kuandika wosia wakiwa na jibu tayari: shamba ligawanywe sawa kwa sawa. Hebu ligawe basi. Hekta 60, watoto watatu, 20 kila mmoja. Kisima kimeangukia kwa wa kwanza, josho na zizi kwa wa pili, njia ya kutokea barabarani kwa wa tatu. Ng'ombe waliokuwa wakihamishwa malisho kwa zamu hawana tena pa kwenda nyasi zikipumzishwa. Mmoja akiuza kipande chake, wenzake wamekwama.

Kumwachia lote anayelima ili awalipe ndugu zake nako kuna hesabu. Tuseme thamani ni milioni 300, anadaiwa milioni 200, yaani 100 kwa kila ndugu. Faida ikiwa asilimia 4 ya thamani hiyo, yaani milioni 12 kwa mwaka, atalipa karibu miaka 17, na hapo hajala.

Sisi hupendelea kutenganisha ardhi na biashara. Ardhi inaingia kwenye kampuni ya familia na warithi wote wanapata hisa. Mifugo, trekta na pampu vinakwenda kwa anayeendesha shamba, naye anaikodi ardhi kwa mkataba wa maandishi. Mkataba useme kodi ya mwaka wa ukame itakuwaje, nani anatengeneza uzio, na makubaliano ya wenye hisa yaseme anayetaka kuuza hisa aanze kumuuzia nani, thamani ikadiriwe vipi, alipwe kwa miaka mingapi. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho huwafikisha mahakamani. Wasiolima wanaweza pia kufidiwa kwa bima ya maisha ya mzazi, mradi ikatwe mapema, maana ada hupanda na umri.

Ila kwanza toa hati ya ardhi kabatini usome jina. Likiwa bado la babu, mirathi ya babu imalizwe kwanza. Huwezi kurithisha kisicho chako. Angalia kama benki inaishikilia kwa mkopo. Kama mmeandikwa wawili, muulize wakili ni umiliki wa aina gani: upo ambao mmoja akifa sehemu yake humwendea aliyebaki, wosia useme usemavyo. Mashahidi wa wosia wasiwe warithi.

Andika pia orodha ya mifugo kwa namba za hereni, madeni, wanunuzi wa maziwa na ufunguo wa pampu ulipo. Na usitegemee hati ya uwakilishi uliyompa mwanao kwa ajili ya benki. Siku ukifa, nayo imekufa, wakati mishahara ya wachungaji na dawa za josho bado vinadai pesa wiki hiyo hiyo.