Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtayasikia kwa mhazini, nayo hayana tatizo. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa suala lililotugawa mwaka huu: viwavi kwenye okidi zetu.

Wengi wetu tunapanda Epidendrum radicans, okidi ya Amerika ya Kati yenye maua mekundu yanayoelekea rangi ya machungwa. Ua lake halina mbochi, yaani maji matamu yanayofuatwa na vipepeo. Kipepeo hupenyeza mrija wake kwenye tundu jembamba, asipate kitu, na anapouchomoa vibonge vya chavua vimeshaugandia. Akidanganyika tena kwenye ua jingine, anaviacha huko. Porini okidi hii huota pamoja na Lantana camara na Asclepias curassavica, zenye rangi za kukaribiana nayo na mbochi wa kutosha. Ilidhaniwa kwamba okidi inaziiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 haukupata ushahidi wa hilo. Vyovyote iwavyo, kipepeo haishi kwa maua matupu. Asclepias tena ina kazi ya pili: majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa Danaus plexippus, mmoja wa vipepeo wanaoitembelea okidi hiyo hiyo.

Ndiyo sababu kamati ilikataa pendekezo la kununua dawa ya kunyunyizia kwa pamoja. Najua inavyouma kusubiri kitumba kwa miezi kisha ukikute kimetobolewa. Viwavi wa Hypolycaena danis, kipepeo mdogo wa kaskazini mwa Australia na New Guinea, hula okidi kweli. Lakini dawa haimchagui kiwavi mharibifu ikamwacha mchavushaji. Kwenye vyungu vichache, viwavi huokotwa kwa mkono, na mwenye nafasi awahamishie kwenye mmea anaokubali uliwe. Mimi nimeutenga wa kwangu.

Kuhusu mnada wetu: okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mmea usiojulikana ulikotoka hautapokelewa, hata uwe mzuri kiasi gani.

Naleta kwenu hoja moja ya kupigiwa kura. Kila mwanachama, kando ya okidi zake, apande mmea wa mbochi na mmea wa kulisha viwavi, yote miwili iwe ya asili ya eneo lake. Lantana tusiipeleke mahali isikokuwa ya asili, maana huvamia na kusonga mimea mingine. Katibu ataandaa orodha kwa kila eneo, na vikonyo na mbegu tutagawana wenyewe kwa wenyewe.