Mgombea Urais wa Wastani na Kura ya Mhafidhina: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu, na niseme mapema kwamba haitafanana na zile mlizozizoea. Habari za ada, kodi ya ukumbi na viti tulivyonunua zimo katika taarifa ya mweka hazina ambayo mmeshagawiwa, nami sina la kuongeza. Nitazungumzia jambo moja tu, lililotushughulisha tangu Machi na nusura litugawe: iwapo sisi tunaojiita wahafidhina, tunaoshikilia kwamba mimba isitolewe ovyo, kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba bhangi na kamari zinawamaliza vijana wetu, tunaweza kumpigia kura mgombea urais ambaye katika mambo hayo ni mtu wa wastani, hasimami kinyume chetu wala hapigani upande wetu.

Suala hilo liliingia chamani kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi huo nilihudhuria harambee ya kanisa moja nje kidogo ya mji wa Kakamega, akafika mwanasiasa anayetajwa kuutaka urais mwaka 2027, na katika kusalimiana msaidizi wake akanivika kofia ya chama chao. Nilikaa nayo kichwani pengine dakika mbili, kwa sababu jua lilikuwa kali na, nikiri, kwa sababu sikujua namna ya kuivua bila kumwaibisha mgeni. Kabla sijafika nyumbani picha ilikuwa imeshazunguka katika kundi letu la WhatsApp, chini yake pameandikwa "Mwenyekiti ameshatuamulia." Niliomba radhi wakati ule, na naomba tena leo mbele ya mkutano mkuu.

Kikao cha Aprili kiliitishwa kwa ajili ya picha hiyo, lakini kikaishia kwenye jambo zito zaidi. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituletea mfano wa Marekani. Mwaka 2008 macho yetu sote huku Magharibi mwa Kenya yalikuwa Kogelo, kijiji cha baba yake Barack Obama, na Rais Kibaki akatangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko kwa ushindi wa Obama katika uchaguzi wa urais wa Marekani, kwa hiyo wengi wetu hatukuuona ugomvi uliokuwa umepamba moto katika chama cha Republican. Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York kuanzia 1994 hadi 2001, aliitaka tiketi ya chama hicho cha wahafidhina huku akijulikana na wote kuwa mtetezi wa haki ya kutoa mimba. Viongozi wa Kikristo wahafidhina wakagawanyika. Pat Robertson alimuunga mkono Novemba 2007, akitanguliza usalama dhidi ya ugaidi. James Dobson alikuwa ameshasema waziwazi kwamba hatampa kura yake. Giuliani hakudai kwamba ameongoka. Alichoahidi ni kuteua majaji wa aina waliyoitaka wahafidhina. Mwishowe aliweka matumaini yake yote Florida, akatoka wa tatu Januari 29, 2008, na kesho yake akajitoa na kumuunga mkono John McCain.

Mzee alitaka tuone kilichofuata. Donald Trump, ambaye mwaka 1999 alikuwa amejitangaza mtetezi wa haki ileile, mwaka 2016 alichapisha orodha ya majaji ambao angechagua kutoka miongoni mwao, wahafidhina wakamkubali, akaingia Ikulu na kuteua watatu katika Mahakama ya Juu, na Juni 24, 2022 mahakama hiyo ikafuta uamuzi wa Roe, ulioitambua haki ya kutoa mimba nchini kote na uliokuwa umesimama tangu 1973. "Msiutazame moyo wa mtu," mzee alituambia, "tazameni kalamu yake itaandika jina la nani."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kwa wiki kadhaa. Lakini nilipoisoma Katiba yetu upya, ambayo ninayo nakala iliyochakaa tangu siku za kura ya maoni, niliona kwamba hoja ya mzee haivuki bahari. Kwetu kalamu hiyo si ya rais peke yake. Ibara ya 166 inamtaka ateue majaji kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, na mnakumbuka jinsi Rais Uhuru Kenyatta alivyokaa na majina 41 tangu 2019, mahakama zikimwambia hana hiari ya kuchagua, hata alipoteua 34 mwezi Juni 2021. Mmoja alikuwa ameshafariki, na sita waliobaki waliapishwa na mrithi wake Septemba 2022, siku moja tu baada ya yeye mwenyewe kuapishwa. Tena ibara ya 26 juu ya uhai na mimba, na ile ya 45 juu ya ndoa, zote zimo katika Sura ya Nne, ambayo kwa mujibu wa ibara ya 255 haiguswi bila kura ya maoni ya wananchi. Kwa hiyo mgombea wa wastani, hata akitaka kutugeuka, hana njia ya mkato. Na yule mhafidhina wa kutoka moyoni naye hana.

Mahali mkono wa rais unapofika kweli ni wizarani. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu juu ya utoaji mimba ulio salama, mwaka uliofuata ikauondoa, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuuondoa kulikiuka sheria. Karatasi hiyo haikupitia Bungeni, wala hakuna mgombea aliyeulizwa habari zake jukwaani. Hayo, kwa maoni yangu, ndiyo maswali tunayopaswa kuwauliza wanaotuomba kura, badala ya kuwahesabia wameingia kanisani mara ngapi.

Hata hivyo sikumridhisha kila mtu. Mama mmoja mwanachama, anayeuza mboga sokoni Luanda na ambaye huzungumza kwa nadra, alisimama akaniuliza: ikiwa rais hana nguvu hiyo yote, kwa nini makanisa yalipigana hivyo kuipinga Katiba mpya mwaka 2010? Nilimjibu kwamba yalipigania maandishi, yakashindwa Agosti 4 pale takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliposema ndiyo. Akasema yeye hazungumzii maandishi. "Rais akilichukulia jambo kuwa dogo, mwanangu naye atalichukulia kuwa dogo." Nimejaribu kulijibu hilo tangu siku ile na sijafaulu, nami naona hakuna hoja nzito kuliko hiyo iliyotolewa mwaka huu upande wa wanaokataa.

Waliotaka tusubiri mgombea asiye na doa nao niliwasomea matokeo ya 2022. Mchungaji na wakili David Mwaure alipata asilimia 0.23. George Wajackoyah, aliyeahidi kuhalalisha bhangi, alipata 0.44, jambo lililochekesha mkutano na kuwahuzunisha wazee. Kati ya William Ruto na Raila Odinga zilikuwako kura 233,211 tu. Anayetafuta zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, atalainisha maneno yake popote atakapokwenda, na sioni sheria hiyo ikimzaa mgombea wa aina nyingine.

Kura yetu wenyewe tuliipiga Oktoba. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata sauti hazisikiki, kwa hiyo katibu alileta sufuria iliyofunikwa kitambaa, na kila mwanachama akatia punje: mahindi kwa anayekubali kwamba mhafidhina anaweza kumuunga mkono mgombea wa wastani, maharagwe kwa anayekataa. Mahindi yalizidi kwa punje chache, na tulihesabu mara mbili kwa sababu moja ilikuwa imekwama pembeni mwa kitambaa.

Kamati imeuelewa uamuzi huo hivi. Chama hakitamwidhinisha mtu yeyote kabla ya Agosti 10, 2027, na hakuna mwanachama atakayeitwa msaliti kwa kura yake. Wagombea watakaofika kwetu watapewa maswali kwa maandishi, nao wajibu kwa maandishi: watamkabidhi nani Wizara ya Afya, na wataurudisha Bungeni au watautia sahihi mswada wa kulegeza sheria za bhangi au kamari. Kwa kuwa Bunge linaweza kuushinda uamuzi wa rais wa kurudisha mswada kwa theluthi mbili ya kura, maswali hayohayo yatapelekwa kwa wanaowania ubunge katika maeneo yetu, na napendekeza tuanze na hao, maana ndio tunaoweza kuwapata kwa simu.

Wanachama wachache wamejiondoa kwa sababu ya kura hiyo. Nimewatembelea wawili, mmoja alinipa chai, mwingine aliniambia nitarudi nikiwa na kofia nyingine. Ile ya kwanza niliirudisha ofisini kwa mwanasiasa huyo mwezi wa Mei, na barua ya kuipokea, iliyopigwa muhuri, iko kwa katibu kwa yeyote atakaye kuiona.

Mwenyekiti