Kilo zimetoka, kwenye sinia tutazizuiaje zisirudi?

Mhariri wa ukurasa wa afya, asalaam aleikum.

Tuko Ngamiani, Tanga, kikundi cha akina mama tunaosaidiana kupunguza uzito bila dawa na bila hizi chai za kukata tumbo. Kilo sita, saba, hata kumi zinatoka. Shida huanza mwezi wa sita tangu mtu aanze, pale mtu anapotakiwa abaki alipofika.

Sababu tunaijua. Aliyetoka kilo 92 akafika 82, mwili wake unatumia kalori pungufu kila siku, kama 200 hadi 300, na huku njaa imeongezeka. Akirudia sahani yake ya zamani, kilo zinarudi hata kama hajagusa soda. Kwa hiyo mizani haifichwi kabatini. Tunapima Jumamosi asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, na kanga moja, mizani ikiwa juu ya saruji. Juu ya zulia inadanganya. Kilo moja au mbili za siku za hedhi, au baada ya mlo wa chumvi nyingi, ni maji. Zikizidi mbili kwa Jumamosi mbili mfululizo, mwenyewe anarudi kwenye daftari: anaandika kila anachokula kwa siku 14, vitumbua na soda vinasimama, na matembezi ya dakika 30 yanakuwa 50. Wenye kisukari wanaotumia glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) au insulini hawapunguzi wanga mpaka wapite kliniki kwanza, maana dozi ileile kwa chakula kidogo hushusha sukari hadi mtu akatoka jasho na kutetemeka.

Chungu nacho kilitusumbua sana. Pilau ya kilo moja ya mchele ikitiwa robo lita ya mafuta, mafuta peke yake yana kalori zipatazo 2,000, na mchele wote una kama 3,600. Siku hizi mafuta hayamiminwi kutoka kwenye dumu. Yanapimwa kwa kijiko cha chakula, kila kimoja kalori 120. Vijiko vinne vinatosha kukaanga kitunguu cha pilau hiyo, mradi moto uwe mdogo na utie maji kidogo kinapoanza kushika. Wali wa nazi unapikwa kwa tui la pili, kasimile, lile tui zito la kwanza, inawekwa kwenye mchuzi mwishoni, nusu kikombe. Nyumbani hakuna aliyelalamika.

Lakini sinia limetushinda. Kwenye sahani mtu anajua: nusu mboga, robo wali, robo samaki au maharage. Kwenye sinia la watu sita mkono hauna kipimo. Wali umejaa katikati, mboga iko kwenye kibakuli pembeni. Ukijipakulia sahani yako unaonekana umejitenga, na mama mkwe akiuliza, "Mwanangu, kuna nini?" jibu linakuwa gumu. Tumejaribu kula mchicha na kachumbari kabla sinia halijaja, inasaidia kidogo. Tumejaribu kupika glasi moja ya mchele kwa watu wawili, ikashindikana, maana lazima pawe na cha mgeni atakayebisha hodi. Asipokuja kinabaki kiporo, na kiporo huliwa asubuhi na chai wala hakiandikwi.

Tunaomba ushauri. Mtu ajiwekeeje kipimo kwenye sinia bila kuharibu kule kula pamoja? Je, kikomo cha kilo mbili kinamfaa sawasawa mwenye kilo 60 na mwenye kilo 95, au tutumie asilimia 3 ya uzito wa kila mmoja? Na Ramadhani tufanyeje: tuendelee kupima Jumamosi wakati maji ya mwili yanabadilika kwa saumu, au tusubiri mpaka wiki moja baada ya Idi, ingawa wiki tano bila mizani zinatutia hofu?

Wanakikundi,
Ngamiani, Tanga