Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: udongo upimwe kabla mashine hazijanunuliwa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mimi ni fundi mwashi, Sikonge. Kijiji kikianza boma la darasa, mchango wa kwanza wa wananchi ni tofali za kuchoma. Magogo yanatoka miombo, pori lilelile linalolisha kuni mabani ya kukaushia tumbaku. Tanuru likipoa, tofali za katikati zimeiva, ukizigonganisha zinalia. Za pembeni ni mbichi. Masika moja tu zinaanza kulika kwenye kona. Na kwa kuwa hazilingani, tunazisawazisha kwa tabaka nene la saruji, kwa hiyo unafuu tuliouona kwenye tofali unaishia hapo.

Tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine na kushikana zenyewe ukutani, hazihitaji kuni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Kwa hilo sina ubishi.

Ila kuna kata mashine yake imelala nyuma ya ofisi, inaota kutu. Tofali zilimeguka, ikasemwa mashine ni mbovu. Nilipouliza nikaambiwa: udongo ulikuwa mfinyanzi mtupu, haukuchekechwa, saruji ilikisiwa kwa macho, na tofali zikaanikwa juani siku ileile! Tofali ya saruji hufunikwa, humwagiliwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28.

Udongo wa mkoa huu si mmoja. Ule mweusi wa mbuga ya Wembere, kule Igunga, huvimba masika na kupasuka kiangazi. Udongo wa namna hiyo mara nyingi huhitaji chokaa. Mwekundu wenye mchanga huweza kutosheka na saruji asilimia 5 hadi 10. Kupima kwa chupa ni bure: tia udongo na maji, tikisa, acha utulie, mchanga hutua kwanza, mfinyanzi mwisho. Lakini chupa haisemi tofali itabeba uzito gani. Hiyo ni kazi ya maabara. Udongo wa barabara hupimwa kabla ya kushindiliwa, wa darasa la watoto tunaukisia kwa nini?

Ninachoomba: kabla fedha za fosi akaunti (ujenzi wa kutumia mafundi wa kawaida, bila mkandarasi) hazijaanza kutumika, waagize wahandisi wa halmashauri wachukue sampuli katika kila kata yenye ujenzi, zipimwe, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Yaandikwe kwa ndoo, si kwa asilimia, maana sisi site tunapima kwa ndoo. Mashine zije baada ya hapo.

Fundi mwashi, Sikonge