Bunduki ya Vita Kabla ya Kwenda Nayo Mawindoni: Tunachokipima na Sababu Yake

Wateja wengi wanaotuletea bunduki za zamani za jeshi, yaani Mauser, Lee-Enfield, Mosin-Nagant na jamaa zake, huanza kwa kuuliza kama bado zinapiga shabaha. Swali hilo ni la haki, lakini sisi mafundi huliweka kando kwanza, kwa sababu kabla ya kujua risasi inakwenda wapi tunataka kujua kama bolti (kipande cha chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma) iliyomo ndani ya bunduki ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Bunduki hizi hazikukaa kabatini tangu zilipotengenezwa. Zilipigana vita, zikakusanywa, zikafunguliwa kwa wingi katika karakana za jeshi, sehemu zake zikachanganyika, kisha zikaunganishwa upya, zikapakwa grisi nzito na kulazwa ghalani kwa miongo kadhaa. Uzee peke yake hautusumbui, kwani Mauser iliyotengenezwa mwaka 1938 na kutunzwa vizuri itamtumikia mmiliki wake na mjukuu wake pia. Kinachotusumbua ni bolti ya bunduki moja kuozeshwa mtutu wa bunduki nyingine bila mtu kupima.

Bolti inapofungwa, kati ya uso wake na kitako cha ganda la risasi hubaki nafasi ndogo sana, ya kuhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Nafasi hiyo ikizidi, ganda linapofyatuliwa hutanuka na kurudi nyuma kuufuata uso wa bolti, na likitanuka kupita uwezo wake hupasuka karibu na kitako, gesi yenye moto ikamrudia mpigaji usoni. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuingiza geji, yaani vipimo vya chuma kigumu, ndani ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi: ya kwanza ni lazima bolti iifunge, ya pili isiifunge. Bolti ikiifunga hata geji ya tatu, ambayo ndiyo kikomo kabisa, bunduki hiyo hairudi kwa mwenyewe ikiwa ya kupigia mpaka irekebishwe.

Lee-Enfield namba 4 ina nafuu yake hapa, kwani kichwa cha bolti yake hufunguliwa kwa mkono na kilitengenezwa kwa urefu wa ngazi nne, kutoka 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi abadilishe kichwa badala ya bolti nzima. Hata hivyo, risasi ya .303 huzuiliwa na ukingo wa kitako chake, si bega lake, na chemba za vita zilikatwa kwa upana ili zipokee risasi zenye tope. Ndiyo maana bunduki inaweza kufaulu geji zote na bado ikatanua maganda. Anayejaza maganda yake mwenyewe achukue waya mwembamba, aupinde ncha, auingize ndani ya ganda lililofyatuliwa na kuukwaruza taratibu kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji mdogo juu kidogo ya kitako, ganda hilo limekwisha na litakatika vipande viwili kwenye safari ijayo.

Bunduki za kale za Ujerumani zina mtego mwingine. Bunduki ya Ujerumani ya mwaka 1888 ilitumia kichwa cha risasi chenye kipenyo cha karibu milimita 8.08, na mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi hilo likahamia kichwa cha milimita 8.20, huku umbo la ganda likibaki karibu lile lile. Maana yake ni kwamba risasi mpya inaweza kuingia vizuri katika bunduki ya zamani, bolti ikafungwa bila manung'uniko, na shinikizo likapanda kwa kiwango cha hatari mara kifyatulio kinapovutwa. Chapa zilizogongwa juu ya mtutu husaidia, lakini hatuziamini peke yake. Tunasukuma kipande cha risasi laini (hapa nina maana ya madini) kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho, kisha tunakipima kwa mikromita. Kazi hiyo haizidi robo saa, nami sijapata kuona robo saa iliyotumika vizuri zaidi katika ufundi huu.

Zipo pia bunduki tunazozikataa waziwazi. Springfield M1903 za jeshi la Marekani zilizotengenezwa katika kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000, na zile za Rock Island zenye namba chini ya 285,507, zilichomwa chuma kwa makadirio ya jicho la fundi, na baadhi ya viwiliwili vyake (kiwiliwili ni kile chuma kinachoshika mtutu na bolti) vikawa vigumu na vyepesi kuvunjika kama kauri. Nyingi zimepigwa maelfu ya risasi bila madhara, hilo ni kweli, lakini hakuna geji inayoweza kutuambia ipi itapasuka. Tunazisafisha, tunazipaka mafuta, tunamshauri mwenyewe aitundike ukutani.

Lalamiko tunalolisikia kuliko yote linahusu Mosin-Nagant: baada ya risasi kumi au ishirini bolti hukataa kufunguka. Mteja mmoja alituletea yake pamoja na nyundo ya mbao aliyokuwa akiibeba porini kwa kazi hiyo tu. Alikuwa ameambiwa kwamba rangi ya maganda ya chuma ndiyo inayoyeyuka na kunata. Tulipasha chemba moto kwa hewa ya umeme, na baada ya dakika chache grisi ya kahawia, nzito kama asali ya zamani, ikaanza kutiririka kutoka mahali ambapo yeye alikuwa na hakika kwamba pamesafishwa. Grisi ya ghalani hujificha ndani ya chemba na kwenye meno ya bolti, na joto la risasi za mwanzo huigeuza gundi. Burashi ya shaba ya ukubwa wa chemba, kiyeyusho na subira ndiyo tiba yake. Nyundo ilibaki kwetu.

Kuhusu usafi kwa jumla, risasi nyingi za akiba za jeshi zina fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kufikia asubuhi mtutu uliokuwa uking'aa unaweza kuwa umeota kutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, bali huifunika tu. Inayoiyeyusha ni maji, hasa ya moto, yanayomiminwa kupitia chemba siku ile ile ya kupiga, kisha mtutu ukakaushwa kabisa na kupakwa mafuta. Wengine husifia dawa ya kusafishia vioo kwa sababu ina amonia, ingawa kinachofanya kazi ndani ya chupa hiyo ni maji yale yale.

Bunduki ikishafaulu ndipo tunarudi kwenye shabaha, na hapo mawindo na vita huachana njia. Gewehr 98 ya mwanzo, yaani Mauser ya jeshi la Ujerumani, baada ya kuwekewa kipimo cha risasi mpya, ilianzia mita 400 kwenye alama yake ya chini kabisa, hivyo mwindaji anayelenga swala aliye mita 100 atapitisha risasi juu ya mgongo. Mosin ya 1891/30 ilirekebishwa shabaha singe ikiwa imefungwa mdomoni mwa mtutu, na ikivuliwa risasi huweza kuhama. Kwa zote mbili tunapendekeza ncha ya kulengea ya mbele iliyo ndefu zaidi, ambayo huondolewa bila kuacha alama. Kutoboa kiwiliwili ili kufunga darubini tunakufanya tu kwa bunduki ambayo namba zilizogongwa kwenye sehemu zake hazifanani tena, maana tundu likishatobolewa thamani yake kwa wakusanyaji hairudi.

Risasi za jeshi zenye kichwa kilichofunikwa chote kwa shaba zibaki uwanja wa mazoezi. Hupenya mnyama bila kufunguka, naye hukimbia na jeraha jembamba akafie mbali, na katika nchi nyingi sheria za uwindaji zinazikataza. Nunueni zenye ncha laini, za kipenyo tulichokipima. Usalama wa Mosin ni mgumu kuvuta, hasa kwa vidole vilivyopoa, kwa hiyo tembeeni chemba ikiwa tupu mpaka mnyama aonekane.

Mnapotuletea bunduki, ileteni bila risasi, bolti ikiwa imetolewa na kufungwa kando, pamoja na maganda matatu au manne yaliyofyatuliwa ndani yake, yasiyofutwa. Masizi yaliyo shingoni na alama iliyo kwenye fataki hutueleza mengi kabla hatujagusa bisibisi.