Silali tangu muhula uanze, na sijui nimwambie nani

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, mzaliwa wa Newala, na ninasoma mwaka wa pili wa stashahada katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Tangu muhula huu uanze naamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, chakula hakipiti, na darasani narudia ukurasa mmoja mara tatu bila kushika chochote. Zahanati nilipimwa malaria na taifodi, vyote havikuonekana, nikaambiwa nipunguze mawazo. Namna ya kuyapunguza sikuelezwa.

Mawazo yenyewe nayajua. Ada yangu hutoka kwenye korosho za mama, anayehudumia shamba peke yake tangu baba atutoke, na hata minada ikianza mwezi wa Oktoba fedha huweza kuchelewa, ilhali mwenye nyumba hangoji. Msimu uliopita mwanamume mmoja aliyenizidi umri sana alinilipia chumba kwa miezi mitatu, na sasa anadai fadhila kwa namna nisiyoitaka. Nimemkatalia, lakini kila jioni husimama karibu na nyumba ninayopanga, na wenzangu wananisema kana kwamba nimekwisha kukubali.

Nilichezwa unyago nikiwa na miaka 11, na somo wangu alinifunza kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Simlaumu, kwani mengi aliyonipa bado yananifaa, ila hakunionyesha pa kuyapeleka yanaponizidi. Nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana balehe kuwa kati ya miaka 10 na 19, nikashangaa kujikuta bado nimo, maana kwetu niliitwa mtu mzima zamani. Mama nilipomdokeza habari za usingizi tu, alihofia majini na akataka nirudi nikatazamiwe. Mshauri wa wanafunzi naye ni mwalimu wa kiume anayetusahihishia mitihani.

Naomba unielekeze: je, hali hii hutibiwa hospitalini, na nikifika mapokezi niseme naumwa nini? Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, lakini mtu huyu hajanigusa; je, watanisikiliza kwa maneno yake na kusimama kwake tu? Na mama, ambaye wiki hii anaokota korosho, nimweleze yote sasa au nisubiri amalize msimu?

Msomaji wako,
Mtwara