Wakala wa ajira za ng'ambo naye ashtakiwe hapa nyumbani

Mhariri,

Mpwa wangu, mkazi wa Ujiji, alifukuzwa kazi za ndani huko Oman mwezi wa tisa wa mkataba wa miaka miwili, bila kuelezwa kosa, na wakala aliyempeleka sasa anamwambia akadai Muscat. Kwa nauli ipi?

Ufilipino, sheria ya mwaka 1995 inamfanya wakala awajibike pamoja na mwajiri wa nje, na madai husikilizwa nchini kwao. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyeachishwa isivyo halali alipwe mishahara yote ya muda uliobaki. Wizara yetu itueleze wakala wa hapa anabanwaje. Mkataba tunao, umekunjwa ndani ya pasipoti, na sahihi ya wakala inasomeka.

Mjomba mtu,
Kigoma